Hakimu Awe Baba?

Mtoto akiiba, akafikishwa mahakamani, yule anayeketi juu ya kiti cha hukumu awe kwake hakimu au awe baba? Wengi wetu tutajibu upesi: awe baba. Nami niliyekaa na watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini, moyo wangu unaelekea huko huko. Lakini jibu hilo lilikwisha kujaribiwa kule Marekani, na yafaa tutazame liliwafikisha wapi.

Mwaka 1899 ilifunguliwa mjini Chicago mahakama ya kwanza ya watoto nchini humo. Kabla ya hapo, mtoto wa miaka kumi na miwili aliweza kutupwa jela moja na wezi waliokomaa. Waanzilishi walisema kwamba dola ni mzazi wa kila mtoto aliyekosa malezi. Basi isimshtaki, bali imlee. Na kwa kuwa mzazi hashitakiani na mwanawe, wakili wa nini? Mashahidi wa nini?

Mtu aliyeipa fikra hiyo mikono na miguu ni Benjamin Lindsey, hakimu wa Denver, Colorado, kuanzia mwaka 1901. Aliletewa kijana aliyeiba makaa ya mawe relini. Ushahidi ulikuwa wazi na sheria ilikuwa wazi, akaamuru apelekwe shule ya maadilisho. Mama wa kijana akapiga ukelele wa msiba mle mahakamani. Lindsey hakuweza kuustahimili. Akaisimamisha adhabu, na jioni ile akaenda mwenyewe nyumbani kwao. Akamkuta baba yu kitandani, ameugua kwa sumu ya madini ya risasi aliyoipata kazini, na makaa yale yalikuwa ya kuwapatia watu wa nyumba ile joto. Kumbe swali la “ameiba au hakuiba?” lilikuwa na jibu, lakini lilikuwa swali dogo.

Baadaye alizoea kuwapa vijana waliohukumiwa hati zao mkononi, waende wenyewe mpaka shule ya maadilisho mjini Golden, bila askari. Karibu wote walifika. Walimu wenzangu hawatashangaa. Mkabidhi mtoto mtukutu ufunguo wa stoo, na mara nyingi stoo itakuwa salama kuliko ukiweka mlinzi mlangoni. Mara nyingi, nasema. Si siku zote.

Sasa tazama upande wa pili. Juni 1964, katika mji wa Globe, Arizona, kijana wa miaka 15, Gerald Gault, alikamatwa kwa madai kwamba alimpigia jirani simu ya maneno machafu. Wazazi walikuwa kazini, na hakuna aliyewaachia habari. Mama alirudi jioni akawa anamtafuta mwanawe. Mbele ya hakimu hakukuwa na wakili, na yule mlalamikaji hakufika hata mara moja. Kijana akaamriwa kukaa shule ya maadilisho mpaka atimize miaka 21, yaani miaka sita. Mtu mzima kwa kosa lile angetozwa faini ya dola 5 hadi 50, au kifungo kisichozidi miezi miwili. Kesi ilifika Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, nayo mwezi Mei 1967 iliamua kwamba mtoto naye ana haki ya kujulishwa shtaka lake, ya kuwa na wakili, ya kuwahoji mashahidi, na ya kunyamaza.

Wapo waliosikitika, wakisema sheria imeingia kati ya baba na mwana. Mimi sikubaliani nao. Wema wa Lindsey haukutokana na kukosekana kwa wakili. Ulitokana na kwamba alivaa koti lake akaenda kubisha hodi. Hakuna bunge linaloweza kumwamuru hakimu abishe hodi, ila linaweza kumkataza asimfunge mtoto miaka sita bila kumsikiliza mlalamikaji. Na mzazi halisi akikosea, mtoto atakimbilia kwa shangazi au kwa babu. Katika mahakama ile ya Arizona, sheria ya jimbo haikuruhusu hata kukata rufaa.

Liko jambo jingine linalonikaa moyoni. Lindsey alipoondolewa kwenye kiti chake mwaka 1927, alichoma majalada ya siri ya watoto waliomfungulia mioyo yao, wasije wakaumbuliwa na watakaomrithi. Nafikiri ningalikuwa yeye ningaliyachoma pia. Lakini katika shauri la Gault hakuna aliyeandika neno lolote lililosemwa chumbani mle, na hakimu na mama walipoulizwa baadaye kijana alikiri nini, kila mmoja alikumbuka lake.