Unacheka na Nani?

Binamu yangu alizunguka Ulaya kwa gari: Munich, Vienna, Venice, akamalizia na siku nzima ya kutembea Roma. Picha moja iliniudhi. Yuko mbele ya Colosseum, amenyoosha vidole viwili, meno yote nje. Pale watu waliuawa ili wengine washangilie. Nikasema, huyu naye!

Mimi safari yangu ilikuwa ya matatu. Kitale, Kiminini, Kamukuywa, nikashuka Webuye kupanda Chetambe kabla ya kumalizia siku Bungoma mjini. Juu ya kilima hicho, mwaka 1895, Wabukusu walijikinga ngomeni na kupigana na jeshi la Waingereza. Walikufa wengi. Nilijua hayo yote. Bado nikatoa simu, nikatabasamu.

Mzee aliyekuwa akichunga ng'ombe akaniuliza, "Kijana, unacheka na nani?"

Nilitaka kujitetea: ni zamani, sikuwajua. Lakini hata binamu hakuwajua wale wa Roma, na nilimhukumu. Basi ipite miaka mingapi ndio kaburi ligeuke mandhari?

Nadhani miaka si hoja. Swali ni kama kuna mtu bado anayeuliza. Roma wanakata tiketi. Chetambe kuna mzee na ng'ombe wake. Kutabasamu si dhambi, bana. Ila ukitabasamu, uwe na jibu.

Jioni, stejini Kanduyi, niliitazama ile picha tena. Sijaifuta. Sijaiposti pia.