Vidonge Viwili, Saumu Moja

Ramadhani ikiingia Mtawanya, wilayani Kibiti, mwenye kisukari cha ukubwani hujiuliza: nifunge au nile? Ruhusa anayo. Al-Baqara, aya ya 184 na 185, humruhusu mgonjwa kula, alipe baadaye. Asiyeweza kabisa hutoa fidia.

Lakini dawa nazo zina neno. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Ikiongezwa glibenklamidi, kongosho husukumwa kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu: alasiri jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Kung'ang'ania saumu hapo ni ubishi, si uchamungu.

Si kila mseto ni hivyo. Utafiti wa VERIFY wa 2019 ulionyesha kwamba kuanza mapema na metformini pamoja na vildagliptini hudhibiti sukari kwa muda mrefu zaidi, na vildagliptini haiishushi ovyo. Basi kabla ya mwezi kuandama, shehe aulizwe, na daktari pia.