Hiyo Picha ni Yako Kweli?



Mwaka jana nilikuwa hapa Singida mjini natengeneza tovuti ya kuonyesha kazi zangu za upigaji picha. Nikakuta kwenye simu picha moja kali sana: bibi harusi amesimama juu ya mwamba, nyuma yake Ziwa Singidani, jua linazama. Tatizo ni moja tu. Picha ile aliipiga kaka aliyenifundisha kazi. Siku ile mimi nilishika taa tu.

Nikajisemea, "Si nilikuwepo? Nani atajua?"

Vijana wenzangu, tovuti nzuri ni ipi: inayomshangaza mteja, au inayomwambia ukweli? Mteja akiiona picha ile atanilipa akitegemea kupata kama ile. Na harusi hairudiwi. Nikishindwa, nimechukua sifa ya kaka na nimeharibu siku ya mtu. Amri ya saba na ya nane kwa mpigo!

Wengine tunakimbilia upande wa pili: "Kujionyesha ni kiburi, bora ninyamaze." Hapana. Katika Mathayo 5 Yesu hataki taa ifunikwe. Katika sura ya 6 anatuonya tusitende mema ili tutazamwe. Hayapingani. Nyumbani taa haiwashwi ili watu waitazame taa, bali waone chakula na waone njia.

Mtazame Mtakatifu Carlo Acutis, aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na Papa Leo XIV akamtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi, imepangwa nchi kwa nchi. Ukiifungua unakutana na Ekaristi, si na Carlo.

Basi nikachagua picha 8 tu, zote zangu. Chini ya kila moja nikaeleza ilikuwa kazi gani na mimi nilifanya nini. Nikazipunguza uzito zifunguke hata kwa bando dogo, na namba ya simu nikaiweka juu kabisa. Ya tisa ni ile ya ziwani. Niliomba ruhusa kwa kaka na kwa bibi harusi, nikaandika jina la aliyeipiga, kisha: "Mimi nilishika taa."

Leo kabla ya kulala, pitia kazi ulizoweka mtandaoni. Ipi ungeona aibu kuieleza mbele ya aliyeifanya?

Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.