Nisipomla Mimi, Mwingine Atamla

Kuna sentensi moja ambayo hapa Kenya inahalalisha karibu kila kitu: "Nisipofanya mimi, mwingine atafanya." Makanga huitumia akipakia abiria wa ziada. Mwanafunzi huitumia akinunua mtihani. Shida yake ni kwamba mara nyingi ni kweli. Sasa nataka tuipime kwa samaki, kwa sababu samaki amelipia sentensi hii kuliko sisi wote.

Samaki mwenyewe anaitwa ningu. Anaishi Ziwa Victoria, ila mvua ndefu zikianza hupanda mito kwenda kutaga mayai. Mmoja wa mito hiyo ni Nzoia, mto wetu. Maji yake yanatoka Cherangani na Mlima Elgon, jina lake limo ndani ya jina la kaunti ya Trans Nzoia ambako Kitale iko, halafu unapita Webuye katika kaunti ya Bungoma, unateremka hadi Budalang'i na kuingia ziwani.

Zamani ningu alikuwa miongoni mwa samaki wa maana sana kwa watu wa ziwa. Mwaka 1905 nyavu za kutega za kizungu zikaletwa upande wa Kenya. Baadaye nyavu za aina hiyo zilijaa kwenye milango ya mito, mahali ambapo ningu lazima apite akiwa na tumbo la mayai. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Leo shirika la IUCN limemweka kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Jiweke kwenye mtumbwi wa mvuvi wa wakati ule. Ukiinua wavu wako ili ningu apite, jirani yako mita hamsini mbele ameshatega wake. Umekosa samaki, na samaki amekufa vilevile. Hesabu yako ni sahihi. Hesabu ya jirani pia ni sahihi. Kila mtu alikuwa sahihi, na wote wakabaki bila ningu.

Mwaka 1968 mwanabiolojia Mmarekani Garrett Hardin aliandika makala maarufu kusema kwamba mali ya wote huishia hivyo, isipokuwa iwekewe nguvu ya sheria au igawiwe watu binafsi. Mwenzake Elinor Ostrom hakukubali. Kitabu chake cha 1990 kilikusanya mifano ya wavuvi, wafugaji na wakulima walioweka kanuni zao wenyewe, wakachungana, wakatozana faini, na mali ikadumu kwa vizazi. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Pwani ya mashariki ya Marekani kuna samaki ambaye maisha yake yanafanana na ya ningu. Anaitwa striped bass: anaishi baharini, na majira ya kuchipua hupanda mito kutaga. Kiangazi kikifika, watu humfuata kwa kayaki, fimbo mkononi, kwa raha zao. Alipopungua vibaya, jimbo la Maryland lilipiga marufuku kumvua kuanzia 1985 hadi 1990, na kufikia 1995 wasimamizi wakatangaza kwamba amerudi. Waliacha pamoja, kwa wakati mmoja. Siku hizi wavuvi wengi wa kayaki humnasa, humpiga picha, kisha humwachia. Lakini hesabu za wasimamizi zinachukulia kwamba kati ya kila 100 wanaoachiwa, 9 hufa. Na tathmini ya 2019 ikaonyesha amevuliwa kupita kiasi tena. Huruma ya mkono mmoja mmoja haikutosha.

Sasa turudi nyumbani. Niliwahi kumuuliza mama mmoja anayeuza samaki sokoni Bungoma, msimu wa mvua, "Mama, hawa si wamejaa mayai?"

Akacheka. "Mwanangu, hao ndio watamu. Nisiponunua mimi kwa mvuvi, yule pale atanunua. Na karo nitatoa wapi?"

Kumhubiria mama huyo ni uonevu. Mimi nikimwacha ningu nakosa mboga ya jioni moja. Yeye akimwacha anakosa karo. Ndiyo maana kila nikisikia uvuvi wa omena umefungwa, Aprili hadi Julai, nakubali kwamba omena wanahitaji kupumzika, lakini najiuliza pia nani anagharamia mapumziko hayo. Kanuni inayomwachia mchuuzi wa mwisho mzigo wote haitaheshimiwa, hata ikiwa na polisi kumi.

Lakini sentensi yenyewe bado ina kasoro. Ukikuta simu imeanguka kwenye matatu ya Kitale, karibu ni hakika usipoichukua mwingine ataondoka nayo. Je, hiyo inaifanya iwe yako? Kujua mwingine atafanya nini ni utabiri tu. Utabiri haukupi ruhusa.

Utaniambia, bana, simu nikiirudisha mwenyewe ataipata, lakini ningu nikimwacha atanaswa mbele. Kweli kabisa. Kumwacha peke yangu hakumwokoi. Kuna kitu kingine kinachookoka, nacho ni haki yangu ya kuitisha kikao. Mtu ambaye wavu wake uko mlangoni mwa mto hawezi kuwaambia wenzake wautoe wao. Mkulima wa kule Kitale anayelima mpaka ukingoni, mvua ikisomba udongo wake hadi mtoni, hawezi kumlaumu mwenzake wa ng'ambo anayelima vivyo hivyo. Kila mmoja anamngoja mwingine aanze, na mto unaendelea kuwa kama chai ya maziwa.

Nani aanze basi? Nadhani aanze yule ambaye kuacha hakutamnyima chakula. Mwenye mshahara kabla ya mchuuzi. Mwenye ekari hamsini kabla ya mwenye robo eka. Mvuvi wa raha kabla ya mvuvi wa tumbo. Kisha aende kwa wengine, aulize wanahitaji nini ili nao waweze kuacha, na achangie.

Kwa hivyo mimi ningu mwenye mayai simnunui. Mama bado ananicheka, na kila mara anamuuzia mtu aliye nyuma yangu. Namnunulia omena badala yake, kisha tunaongea: kama wote sokoni wangekataa ningu kwa miezi miwili tu ya mvua, yeye angehitaji nini? Mara ya mwisho aliacha kucheka, akaanza kuhesabu kwa vidole.