Alama ya Mdeki

Swali ninalotaka kulichungua katika kurasa hizi ninalo tangu mwaka 1964, nilipokuwa mwanafunzi wa darasa la sita hapa Mbozi Mission. Ni hili: mtu mmoja akipima na mwingine akafyatua, ni nani anayebeba dhima ya kile kilichopatwa na risasi?

Baba mkubwa, yaani kaka yake marehemu baba yangu, alikuwa na gobore. Vijana wa siku hizi hulisikia neno hilo katika habari za majangili waliokamatwa, na huenda wengi hawajapata kukiona chombo chenyewe. Bunduki ya kisasa hupokea risasi iliyokwisha kutengenezwa kiwandani: ganda, fataki kitakoni mwa ganda, baruti ndani yake, na risasi mbele. Gobore halina ganda. Kila mlio hutengenezwa upya kwa mkono wa mwindaji, kupitia mdomo wa mtutu. Hutangulia baruti, kisha kizibo cha tambara au nyuzi za gunia, kisha risasi, kisha kizibo kingine kidogo ili risasi isidondoke mtutu ukiinama. Vyote hushindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu unaokaa chini ya mtutu.

Chombo hiki hakikudumu kwetu kwa sababu babu zetu walikuwa wajinga wa mambo mapya. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, na katika mkataba wao wa kukomesha biashara ya watumwa wakazuia bunduki za kisasa, zenye mifereji ndani ya mtutu, zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa mlango. Basi watu wetu waliachiwa silaha ambayo wema wake wote ulitegemea mkono wa anayeijaza.

Na mkono wa Baba mkubwa ulikuwa mwangalifu kuliko mikono mingi niliyoiona baadaye katika maabara za shule. Kipimo chake kilikuwa ganda la risasi ya rifle, amelikata kwa tupa na kulifunga kwenye kijiti. Alilijaza baruti, akaligonga mara mbili kwa ukucha, akafuta juu kwa kidole ili pawe sawa. Juu ya mdeki alikuwa amechonga alama. Baruti na risasi vikiwa sahihi, mdeki uliingia hadi alama ikalingana na mdomo wa mtutu. Ukizama zaidi, baruti imepungua. Ukibaki juu, umezidisha, au risasi haijafika chini, na hilo la pili laweza kupasua mtutu usoni pako.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za wawindaji wa Marekani na Ulaya wanaojaza maganda yao wenyewe nyumbani. Wao hupima baruti kwa mizani midogo, kwa kipimo ambacho jina lake maana yake ni punje, nacho kilitokana na punje za nafaka. Punje 7,000 ni ratli moja. Nilipoendelea kusoma nilicheka peke yangu, kwa sababu Baba mkubwa angewaelewa mara moja. Wanasema mwanafunzi wa kazi hiyo kwanza hutafuta mwendo mkali, na akishakomaa hutafuta mlio wa leo uwe sawa na wa jana. Mwendo una faida yake, sikatai. Tuliwafundisha vijana kwamba mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya risasi huwa mara nne. Lakini risasi zinazotofautiana mwendo huanguka mahali tofauti, na mwenye kulenga hata awe hodari vipi hawezi kujua aelekeze wapi.

Hayo sikuyajua mwaka 1964. Nilichojua ni kwamba juma lile Baba mkubwa alimpiga nguruwe mwitu aliyekuwa akiharibu mahindi, na risasi ikaangukia mbele ya miguu yake. Vijana wenzangu walilicheka gobore letu wakisema linakohoa. Niliona aibu. Nikaamua kulisaidia.

Ilikuwa mwezi wa Mei, alfajiri, baridi ya huku kwetu ikiuma vidole. Tulikuwa ukingoni mwa shamba linaloteremka kwenda mtoni. Baba mkubwa alinipa kazi ya kujaza, kama alivyokwisha kunifundisha, naye akasogea kuchungulia bondeni. Nikajaza kipimo, nikamimina. Nikautazama mgongo wake. Nikajaza nusu kipimo kingine, nikamimina tena. Nikatia kizibo na risasi, nikashindilia kwa nguvu zangu zote, lakini alama ilibaki juu ya mdomo wa mtutu kwa upana wa kidole.

Akauliza kwa sauti ya chini, bila kugeuka, “Alama imefika?”

Nikajibu, “Imefika, Baba.”

Mnyama aliyetoka kichakani hakuwa nguruwe. Alikuwa pongo dume, amesimama ubavu, si mbali. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyouzoea, na moshi ulipopungua tulimwona anaruka vibaya, mguu wa nyuma unaning'inia, ubavu umelowa damu chini tumboni. Tulifuata damu mpaka jua likawa la utosi. Ikaishia katika vichaka vya ng'ambo ya mto. Kesho yake Baba mkubwa alirudi huko peke yake, akashinda kutwa nzima. Hatukumpata. Wazee walipomuuliza jioni alisema maneno mawili tu: “Nilipiga vibaya.” Tangu hapo alilitumia gobore kufukuzia nyani, kwa baruti bila risasi.

Sasa, nani alimjeruhi yule pongo? Kwa miaka mingi nilijitetea kama wakili. Nilisema nia yangu ilikuwa njema, nilitaka afe upesi. Nilisema pia kwamba hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa risasi ilipotoka kwa ajili ya nusu kipimo changu. Labda bega lake lilistuka. Labda hata kwa kipimo halali angekosa, kama alivyomkosa nguruwe.

Utetezi huo wa pili ndio ulionifungua macho, kwa sababu unanishitaki. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kujua, na sababu ya kutojua ni mimi. Kipimo cha haki kingemwezesha Baba mkubwa kusema kwa uhakika: kosa hili ni langu, nitajirekebisha. Mimi nilimnyang'anya elimu hiyo. Alikubali kosa ambalo huenda halikuwa lake, na akaacha uwindaji kwa ushahidi wa uongo. Ninaona hilo ni zito kuliko nusu kipimo chenyewe.

Msomaji atasema, basi ukweli wa kipimo unatosha. Hautoshi. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliwaua wengi wa tembo wake kwa bunduki ya milimita 7 ambayo wenzake waliidharau kuwa ndogo. Alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo umekaa wapi, na risasi zake zilifika hapo. Tembo wake walikufa haraka. Pia walizidi 1,000. Usahihi ulimfanya asiwe mtesaji, lakini haukumfundisha mahali pa kukomea. Kupima vizuri ni jambo moja, na kustahili kufyatua ni jingine. Nimekutana na walimu waliokuwa mafundi wa kusahihisha mitihani na wasiowapenda watoto hata kidogo.

Nami nisijitoe. Nikiwa katika chuo cha ualimu, kabla ya kuwa mkuu wa shule, kijana mmoja alifundisha vibaya katika mazoezi yake. Alikuwa yatima, mpole, na nauli ya kurudi kwao nilikuwa nimemlipia mimi. Nilimwongezea alama. Hazikuwa nyingi, upana wa kidole tu. Akafaulu, akapelekwa shuleni. Baada ya miaka kadhaa nilipita katika shule yake, nikakaa nyuma ya darasa, nikaona makosa yale yale niliyoyaona chuoni, yamekomaa, na watoto arobaini na kitu wakiyanakili ubaoni. Yeye hakujua kwamba ni makosa. Angejuaje? Karatasi yenye sahihi yangu ilimwambia alama imefika.

Sikumwambia siku ile. Nilikunywa chai yake nikaondoka.

Lakini safari hiyo ndiyo iliyonipeleka kwa Baba mkubwa. Ilikuwa mwaka 1989, naye alikuwa mzee sana, miguu imevimba, ameketi nyuma ya nyumba penye mikahawa. Nikapiga magoti, nikamwamkia, nikamweleza yote: nusu kipimo, mdeki, jibu langu. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na minane na sauti ilinitetemeka kama ya mtoto.

Akanyamaza kidogo, kisha akapapasa bega lake la kulia. “Liliniuma wiki nzima,” akasema. “Gobore lile nililijua.”

Nikamuuliza kwa nini, kama alijua, hakunikemea, na kwa nini aliwaambia wazee kwamba alipiga vibaya.

“Mwanangu,” akasema, “mdeki ulikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Ningeweza kugeuka nikautazama. Niliona ni rahisi zaidi kukuuliza wewe.”

Kisha akaniomba nimsogezee kiti, kwa kuwa kivuli cha mikahawa kilikuwa kimemfikia miguuni.