Ombi la Kazi na Wajibu wa Kujibu

Kiswahili hutumia neno moja, maombi, kwa mambo mawili yaliyo mbalimbali: maneno ambayo mja humwelekezea Mungu wake, na karatasi ambazo mtafuta kazi humpelekea mwajiri. Ushirika huo wa neno haukuwa na madhara wakati barua ya kazi ilipopelekwa kwa mkono au kutiwa posta, kwa kuwa mwombaji alijua amemwandikia nani. Lakini tangu utafutaji wa kazi uhamie kwenye intaneti, maana hizo zimekaribiana mno, hata kimya cha mwajiri kimeanza kupokewa kana kwamba ni kimya cha Mwenyezi Mungu.

Suala hili lina mizizi katika dhana ya riziki, yaani yale ambayo mja amekadiriwa na Muumba wake ili aishi, na katika dhana ya tawakali, yaani kumtegemea Mungu baada ya mtu kutimiza lililo juu yake. Uzito wa fasili hiyo umo katika neno "baada". Katika hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Tirmidhi, mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga alielekezwa amfunge kwanza, ndipo ategemee. Kwa kijana aliyehitimu chuo nchini Tanzania, kumfunga ngamia leo ni kazi ya siku nzima: hufungua akaunti katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, huingiza namba yake ya kitambulisho cha taifa, hupeleka vyeti kwa wakili vikagongwe muhuri, kisha hukaa steshenari akisubiri zamu ya kuskani, na faili likizidi ukubwa unaokubaliwa huanza upya, huku kila ukurasa ukilipiwa. Aliyefanya hayo yote hawezi kuambiwa kuwa hakujituma, na wahubiri wanaomhimiza aongeze bidii humdhulumu.

Kinachofuata mara nyingi ni kimya. Matangazo mengi, hasa ya sekta binafsi, humalizia kwa kusema kwamba watakaoitwa kwenye usaili ndio watakaojulishwa. Mwombaji hufungua barua pepe asubuhi na jioni, na baada ya miezi kupita husema kwamba hakujaaliwa. Kauli hiyo ni ya unyenyekevu na haistahili kubezwa. Hata hivyo imebeba kosa, kwa sababu inamtwisha Mungu jambo lililotendwa na watu. Pengine aliyekataa ni programu ya kuchuja, yaani mpango wa kompyuta unaolinganisha maneno ya wasifu na maneno ya tangazo, lakini vigezo vyake viliwekwa na mtu mwenye jina na ofisi. Waashari na Wamuutazila, makundi mawili ya wanateolojia wa Kiislamu, walibishana sana juu ya kadari na uwezo wa mja, na bado hakuna upande uliomwondolea mtendaji dhima ya alilotenda.

Dini zenyewe zina neno juu ya kujibu. Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kuanza salamu ni sunna, lakini kuijibu ni wajibu. Na mwajiri aliyewaita watu kwa tangazo lake mwenyewe hawezi kudai udhuru mkubwa kuliko wa aliyesalimiwa na mpita njia. Injili ya Luka nayo, katika sura ya 18, ina kisa cha mjane na kadhi dhalimu, ambaye udhalimu wake wote haukumzuia hatimaye kumpa mjane jibu. Mjane huyo alikuwa na kitu ambacho mwombaji wa leo hana, nacho ni mlango wa kubisha hodi.

Huenda ikasemwa kwamba maombi ni maelfu na hayajibiki. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu enzi za stempu. Leo mfumo uleule unaotuma ujumbe wa kupokea ombi kwa sekunde chache unaweza kutuma wa kulikataa, pamoja na sababu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimempa mtu haki dhidi ya uamuzi unaofanywa na mashine peke yake, lakini haki hiyo haimfai asiyejulishwa hata kwamba uamuzi umeshafanyika. Waajiri, hasa wale wanaomwomba Mungu kila siku wakitarajia kusikilizwa, na wamjibu kila aliyeitikia tangazo lao, japo kwa mstari mmoja.