Mgeni na Wakongwe

City of Heroes, mchezo wa mtandaoni wa mashujaa wenye nguvu za ajabu uliotoka Marekani mwaka 2004, ulimfungulia mgeni mlango ambao michezo mingi humfungia. Mchezaji wa ngazi ya 5 aliweza kuunganishwa na mkongwe wa ngazi ya 30, akapandishwa hadi 29, wakapigana bega kwa bega. Wapo wanaosema huko ni kumdekeza mtu asiyetoka jasho. Sikubaliani nao: ngazi aliazimwa, lakini nguvu zake zilibaki zilezile chache, na akizubaa aliangushwa mara moja. Alichopewa hasa ni nafasi ya kujifunza katikati ya wenzake. Mchezo ulifungwa mwaka 2012. Mashabiki wakaufufua, hata wakapata kibali rasmi mwaka 2024. Enyi wakongwe, mpokeeni mgeni.